Uso wa Mama Kwenye Bango

Bango la sinema lilifika Jumanne, saa tano kasorobo asubuhi, na aliyelileta alikuwa Bwana Makabe mwenyewe. Huyu alikuwa mhariri wa Fumino kwa miaka kumi na miwili, mtu wa kutuma ujumbe wa simu hata akiwa mtaa wa pili. Kumwona tu mlangoni akivua viatu kulimtia Fumino wasiwasi. Akawapita wasaidizi wawili walioinamia meza zao wakichora matone ya mvua, akatua kompyuta yake ndogo juu ya karatasi za Fumino, wala hakuuliza kama wino umekauka.

"Mwalimu, Wamarekani wamefanya kweli safari hii," alisema, akimwita Mwalimu kama wahariri wa Japani wanavyowaita wachoraji wao. "Keti kwanza."

"Si nimeketi?"

"Basi endelea kuketi."

Akaifungua ile kompyuta, na Fumino akaona uso wa mama yake.

Ulikuwa ni uso wenyewe, si wa kufanana fanana tu. Nyusi ya kulia ilikuwa na mkato mdogo katikati. Chini ya jicho la kushoto palikuwa na kidoa cheusi. Hata ule mdomo wa mtu anayetaka kucheka lakini kwanza anasikiliza kama mlango umefunguliwa, nao ulikuwepo. Bwana Makabe alikuwa akieleza kwamba mwigizaji ni binti wa San Francisco, kwamba kupakwa rangi usoni kumechukua saa tatu, kwamba Ijumaa saa sita mchana bango litatolewa dunia nzima kwa mpigo. Fumino alisikia neno Ijumaa. Mengine yalimpita.

"Umelipenda?" Bwana Makabe aliuliza.

"Wamepata wapi kidoa?"

"Si ulikichora wewe, Mwalimu."

Ni kweli, alikichora yeye, na hapo ndipo ilipokuwa balaa yote.

Fumino Kasuga alikuwa mchoraji wa vitabu vya katuni. Kila wiki, kwa miaka kumi na miwili, jarida lilichapisha kurasa kumi na tisa za hadithi yake iitwayo "Mafundi wa Miavuli", kuhusu msichana Sayo na mama yake, wanaotengeneza miavuli katika mji ambao mvua haikatiki. Mama katika hadithi ile hakuwa na uso. Alichorwa nywele zilizofungwa nyuma, shingo, na mikono yenye kucha zote kumi, lakini mahali pa uso palikuwa karatasi tupu. Wasomaji walipapenda mahali pale mno. Walisema kila mtu anamwona mama yake mwenyewe hapo. Wenye shahada zao wakaandika makala ndefu juu ya utupu na maana ya utupu, na Fumino akawaacha waandike, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyeukaribia ukweli.

Ukweli ni kwamba mama yake, Setsu, alikuwa hai, na alikuwa amejificha. Miaka thelathini na mmoja iliyopita, Fumino akiwa na miaka kumi na mitatu, Setsu aliondoka nyumbani asubuhi na mapema, mbavu zake mbili zimevunjika. Kabla ya kuondoka alitoa kila picha yenye sura yake, ya arusi, ya shule, ya kitambulisho, akazichana zote na kuzichoma kwenye sinki. Mumewe, Ryozo, alipoamka hakuwa na picha hata moja ya kumwonyesha mtu stesheni. Alikwenda kwa wapelelezi wa kulipwa, na wapelelezi wakataka picha kwanza. Alikwenda polisi, akaambiwa mke mtu mzima akitaka kuondoka ameondoka. Toka siku hiyo hajaacha kutafuta.

Na wala hakuwa mtu wa kelele, huyo Ryozo. Laiti angekuwa wa kelele, watu wangemjua. Kila mwaka kitabu kipya kikitoka, Fumino alikaa dukani kusaini nakala, na kila mwaka baba yake alipanga foleni kama wasomaji wengine, suti imepigwa pasi, keki ya zawadi mkononi. Zamu yake ikifika aliinama, akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye ule uso mtupu. "Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "mchoree uso mama yako basi. Mara moja tu." Wauza vitabu walimwambia Fumino ana baba mpole kweli kweli. Fumino alisaini, na usiku wake hakulala.

Mama naye alikuwa na njia yake. Ndani ya kila toleo la jarida mna kadi ya posta ya msomaji kusema amependa hadithi ipi. Kadi hizo ndizo zinazoamua nani aendelee na nani afungashe virago. Mwaka wa kwanza, katika furushi la kadi alizoletewa na Bwana Makabe, Fumino aliona mwandiko ambao zamani ulikuwa ukimwandikia neno moja moja kwenye kifuniko cha chakula cha shule. Jina: Kiyo Hamano. Umri: hamsini na nane. Kazi: duka la samaki, Murakami. Maoni: Mchoraji anachora kucha vizuri, ajitahidi kula chakula cha moto. Tangu hapo kadi haikukosekana hata wiki moja. Fumino hakujibu kwa barua, aliogopa. Alijibu kwa wino. Kadi ikisema barafu imeniangusha, wiki chache baadaye mama yake Sayo alitembea na mkongojo. Hivyo ndivyo walivyoongea, na msomaji mwingine yeyote angeona hadithi tu.

Sasa ile balaa. Wamarekani waliponunua haki ya kutengeneza sinema, walileta fomu, moja kwa kila mhusika: uso kwa mbele, uso kwa upande, kimo, mpaka aina ya damu, ambayo Wajapani hukisia kwayo tabia ya mtu, maana ofisi ya Tokyo iliongeza na maswali ya kwake. Fumino alijaza zote. Kwenye fomu ya mama akaacha kisanduku cha uso kitupu, kama alivyokiacha miaka yote.

"Mwalimu, nitapelekaje fomu yenye kisanduku kitupu?" Bwana Makabe alilalamika siku hiyo, ameketi jikoni, saa mkononi. "Watadhani tumesahau. Watadhani sisi ni watu wa ovyo."

"Hana uso, Bwana Makabe. Ulimwengu mzima unajua."

"Ulimwengu unajua, fomu haijui. Chora chochote. Ni kwa ajili ya wapaka rangi tu."

Mtu wa nchi nyingine angeandika "hana" na kwenda zake kulala. Lakini kuacha kisanduku kitupu mbele ya mhariri anayekusubiri jikoni kwako, hilo Fumino hakuliweza, na Wajapani wengi wasingeliweza. Kisanduku kimewekwa kijazwe. Alikuwa hajalala siku mbili, akaushika mkono wa kuume akauambia uchore mwanamke yeyote. Mkono ukachora yule unayemjua. Alipotazama alichochora aliuona uso wa mama yake, lakini Bwana Makabe alikwisha kuichukua karatasi, anapuliza wino. Na ukurasa ukishakabidhiwa mhariri haurudishwi; hakuna mchoraji mwenye adabu anayemkimbilia mhariri ngazini kumwambia nirudishie. Fumino hakumkimbilia. Alijiambia ni kwa wapaka rangi tu.

Kwa hiyo Jumanne ile, akitazama bango, alijua ni nani amefanya hivi. Miaka thelathini na mmoja Ryozo hakuwa na picha, na sasa binti yake amemchorea, Wamarekani wakampigia chapa.

Jumatano alikwenda kuonana na Bi. Voss, mtayarishaji wa sinema, hotelini Shinjuku, humo humo Tokyo. Mwanamke huyu alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye miwani ya rangi ya chungwa, na alimwita kila mtu kwa jina lake la kwanza. Fumino aliinama, Bi. Voss akamkumbatia akiwa ameinama hivyo hivyo. Mkalimani, msichana aitwaye Chihaya, aliketi kati yao na daftari, na Bwana Makabe akakaa pembeni na kahawa ambayo hakuinywa.

Kabla ya siku hiyo Fumino alikuwa amemeza mengi. Mji wa mvua ulihamishiwa jangwani, kwa sababu mvua ni gharama kuipiga picha. Sayo wa miaka kumi na moja akawa Sadie wa miaka ishirini na minne, ana pikipiki. Mwavuli ukapewa uwezo wa kutoa radi. "Jangwani miavuli ya nini?" msaidizi mmoja aliuliza, na mwenzake akamjibu, "Ya radi, hukusikia?" Wakacheka wiki nzima, na Fumino alicheka nao, maana lilikuwa jambo la kuchekesha na halikumwumiza mtu. Hili la sasa halikumchekesha.

"Naomba mama asiwe na uso," alisema. "Kama kwenye kitabu."

Chihaya akatafsiri. Bi. Voss akavua miwani.

"Fumino, tulijaribu. Naapa. Tulimfuta uso kwa kompyuta, kazi ya miezi minne. Tukaita watu mia mbili waangalie. Kumi na saba walitoka nje, na mtoto mmoja alitapika. Walidhani ni sinema ya mashetani." Aliegemea mbele. "Kwenye karatasi unaacha wazi, msomaji anajaza mwenyewe. Mimi nina kamera. Mtu akisimama mbele ya kamera ana pua, ana macho. Nifanyeje?"

Bi. Voss alisema kweli. Kalamu inaweza kunyamaza mahali inapotaka. Kamera haijui kunyamaza.

"Basi mwondoleeni kidoa," alisema. "Na ule mkato kwenye nyusi."

"Kidoa ndicho kinachompendeza! Binti mwenyewe hana, tumembandika sisi." Bi. Voss alishangaa kwa dhati. "Kwani kina nini?"

Kila mtu akamtazama Fumino. Chihaya alikuwa ameweka kalamu juu ya daftari, tayari kuandika, na yatakayoandikwa yangetafsiriwa, yangepelekwa kwa barua pepe kwa watu arobaini ambao Fumino hajawahi kuwaona. Mmoja atamwambia mkewe. Mkewe ataandika mtandaoni. Fumino aliona njia nzima, kutoka kwenye kalamu ile mpaka sebuleni kwa baba yake.

"Sababu za kisanaa," alisema.

Bi. Voss akavaa tena miwani. Hakuwa mjinga hata kidogo. "Ni mtu wa kweli," alisema polepole. "Sivyo? Unamjua."

"Hapana. Nimemtunga."

"Kama ni wa kweli, niambie. Ungekuwa mkasa mzuri sana. Waandishi wa habari wangeupenda, na wewe ungekaa pale jukwaani, ukaeleza..."

"Nimemtunga," Fumino alirudia.

"Basi hatuna tatizo," alisema Bi. Voss kwa upole. Akamkumbusha kwamba mkataba unampa haki ya kuulizwa, si haki ya kukataa. Isitoshe, siku ya kwanza kabisa, Fumino mwenyewe si aliwaambia amewaachia wao? Aliwaambia, ndiyo. Alisema kama mgeni anavyomwachia mpishi, ili mpishi ajitahidi zaidi kujua mgeni hapendi nini. Bi. Voss alisikia ameachiwa, akachukua. Ukitafuta mwenye kosa hapo utachoka bure.

Kwenye lifti Bwana Makabe alitazama namba za ghorofa zikishuka.

"Kuna nini, Mwalimu?"

"Hakuna."

"Miaka kumi na miwili nakujua. Ukisema hakuna, kuna." Namba zikashuka tena. "Ni kile kisanduku?"

Walipofika chini Bwana Makabe aliinama mbele yake kuomba radhi, kichwa karibu kugusa mkoba, akabaki hivyo mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa. Kusamehe kulikuwa rahisi, lakini kusingemrudishia karatasi yake.

Ijumaa saa sita mchana bango likatoka. Fumino alikuwa amewakataza wasaidizi kuwasha redio na simu, wakakaa kimya watatu, wakichora. Ilipofika saa saba na nusu mmoja alikwenda kununua chakula, akarudi na tambi na habari: uso wa mama uko kwenye ukuta mzima wa duka kubwa mbele ya stesheni, urefu wa ghorofa nne, na watu wanapiga nao picha.

"Wanasema ni mzuri kuliko walivyomfikiria," alisema msaidizi. "Wengine wanalia, jamani."

"Kula," Fumino alimwambia.

Saa nane na dakika ishirini simu ya mezani ikalia. Namba ile walikuwa nayo watu watatu tu. Wa tatu aliipata kwa njia zake mwenyewe.

"Mwanangu," ilisema sauti. "Asante."

Fumino alisimama. Hakujua kwa nini amesimama.

"Nimemwangalia tangu saa sita," Ryozo aliendelea, taratibu, kama mtu anayesoma barua. "Kidoa hukukisahau. Na ile nyusi. Siku ile ya nyusi nilimpeleka hospitali mwenyewe, unakumbuka? Alisema aliangukia kabati. Wewe una kumbukumbu nzuri, umenirithi."

"Baba, ni katuni."

"Mimi naona picha. Nimechapisha hamsini, hapo dukani chini. Kijana ananiuliza, mzee, wewe ni shabiki? Nikamwambia mimi ni mume." Alicheka kidogo. "Nitaanzia kaskazini. Siku zote alipenda theluji. Ukitaka kumwambia kitu, niachie salamu, nitafikisha."

Akakata. Fumino alibaki na mkonga wa simu sikioni. Wasaidizi wakamwona uso umemkauka, wakainamisha vichwa, wakachora matone ambayo tayari yalikuwa yamechorwa.

Hofu ya miaka ni kitu mtu huzoea, ikakaa naye nyumbani kama jirani asiyesalimia. Hii haikuwa ile. Murakami iko kaskazini, kwenye theluji. Mama hakuwahi kuandika namba ya simu kwenye kadi. Barua ingechukua siku mbili, na baba yake alikuwa na gari. Fumino alifikiria polisi, akakumbuka mzee wa suti iliyopigwa pasi, mpole, mwenye bango la sinema mkononi. Wangemwandikia anwani wenyewe.

Jumamosi alfajiri aliondoka. Ilikuwa siku ya kukabidhi kurasa na kurasa sita hazikuwa na wino, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alimwandikia Bwana Makabe maneno mawili, wiki hii sipo, akazima simu kabla hajajibiwa. Alivaa koti la msaidizi na kofia ya pamba. Kwenye treni alikaa kiti cha mwisho ili asiwe na mtu nyuma yake, kisha akaona ujinga wake, kwa kuwa aliye mbele naye anaweza kugeuka. Kwenye stesheni ya Omiya alishuka milango ikikaribia kufungwa, akasubiri treni nyingine. Ndipo wazo likamjia: kwamba huenda baba hajui lolote la kaskazini. Huenda amepiga simu ili yeye apande treni hii. Alitafuta suti iliyopigwa pasi katika kila behewa. Zilikuwa nyingi, ingawa ilikuwa Jumamosi.

Angeweza kurudi. Kama anafuatwa, kurudi ndiko kumwokoa mama. Kama hafuatwi, kurudi ni kumwacha mama asubiri mlango ugongwe. Aliyapima hayo mawili mpaka Niigata, akayapima tena kwenye treni ndogo ya kwenda Murakami, na hakupata jibu, ila treni ilikuwa inakwenda, naye akiwa ndani yake.

Theluji ilikuwa nyembamba. Anwani ya kwenye kadi aliijua kwa moyo, lakini alizunguka mitaa mitatu kwanza, akisimama madirishani, akitazama nyuma yake kwenye vioo. Hakuona mtu ila mwanamke na mbwa. Duka lilikuwa la zamani, la mbao, samaki wakubwa wa chumvi wamening'inizwa darini kwa mikia, safu baada ya safu, upepo ukiwatikisa. Ndani alikuwamo bibi mmoja tu, mfupi, mgongo umepinda, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama za mwanamume, akisugua chumvi kwenye tumbo la samaki. Hakuinua kichwa.

"Karibu," alisema bibi, kwa lafudhi nzito ya kule. "Ukitaka vipande, vipo. Ukitaka mzima, subiri."

Fumino alisimama mbele ya meza. Alitazama mlango wa nyuma, ngazi, koti la kike lililotundikwa ukutani. Mama yake angetokea wapi? Kutaja jina la Hamano mbele ya mtu asiyemjua aliogopa. Na tangu Niigata kulikuwa na jambo alilotaka kulijua kwanza, kwa vyovyote vile: je, baba akija hapa na karatasi yake, watu watasemaje? Basi akafanya kile kile alichokiogopa. Akawasha simu, akatafuta bango, akaipitisha juu ya samaki.

"Samahani, bibi. Umewahi kumwona mtu huyu?"

Bibi alifuta mikono kwenye aproni, kidole kwa kidole. Akaipokea simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, kama wafanyavyo wenye macho ya uzee. Alitazama muda mrefu sana. Fumino alitazama mlango wa nyuma.

"Nani anamtafuta?" bibi aliuliza.

"Mimi."

"Wewe peke yako?"

"Na mwanamume mmoja mzee. Akija, bibi, tafadhali, akija na picha hii usimwambie kitu. Atakuwa mpole. Usidanganyike na upole wake."

"Anayo picha hii hii?"

"Hii hii. Anazo hamsini."

"Wewe ndiye umechora uso huu?"

"Ndiyo," alisema Fumino, na machozi yakamtoka bila yeye kuyataka, mbele ya mtu baki. "Sikukusudia. Niliambiwa nijaze kisanduku."

Bibi alikwenda mlangoni. Akatazama barabara upande wa kulia, akatazama upande wa kushoto, akasimama hapo kitambo. Kisha akauvuta mlango wa kutelezesha, akaufunga, akarudi.

"Jana usiku walimwonyesha kwenye televisheni," alisema. "Tulikuwa tunakula, mimi na mwenye duka na mkewe. Mwenye duka akasema, mwanamke mzuri huyo. Mkewe akamwambia kula chakula chako. Halafu akaniomba nimpitishie chumvi. Tumekaa meza moja miaka ishirini na tisa." Akairudisha simu, akaiweka mkononi mwa Fumino na kumfumba vidole. "Mwache mzee aje na hamsini zake. Azibandike hata kwenye mlango huu."

"Bibi, humjui. Yeye hachoki."

"Namjua." Ile lafudhi ya kule ikawa imemtoka. "Wewe nilikujua ulipokuwa bado unavuka barabara, na hilo kofia lako. Nikasema nikuangalie kwanza kama una mtu nyuma. Umesimama mbele yangu, Fumino, taa imewaka, unautazama mlango. Kama wewe hukunijua, yeye atanijuaje?"

Fumino aliutazama ule uso. Chini ya jicho la kushoto hapakuwa na kitu, ila kijishimo kidogo mahali daktari alipokitoa kidoa. Nyusi zilikuwa zimepukutika, za kulia na za kushoto. Kila wiki kwenye kadi alikuwa akiusoma umri, sitini na tano, sitini na nane, sabini, na wala namba hizo hazikuugusa uso aliokuwa nao kichwani. Miaka kumi na miwili alidhani anauficha uso wa mama yake, kumbe hakuwa nao. Faraja ilimjia na aibu ilimjia, zote kwa pamoja.

Setsu akavuta kigoda kwa mguu, akamkalisha. Akaketi mbele yake, magoti yao yakagusana, akajigeuza kidogo kuelekea dirishani ili mwanga umpate.

"Haya, tazama vizuri," alisema. "Halafu usichore."